Habari za Timu ya Mtibwa, na Faida ya Kulea Vijana

Ashikaye njia ya kaskazini kutoka Morogoro hufika Turiani, chini ya milima ya Nguru, nchi yenye mito na mvua nyingi. Karibu na hapo iko Mhonda, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walijenga misheni yao mwaka 1877. Upande wa bondeni yameenea mashamba ya miwa ya Mtibwa, pamoja na kiwanda cha sukari kilichoanza katika miaka ya 1960. Na humo katikati ya miwa mna uwanja wa mpira, jina lake Manungu, ndio nyumbani kwa timu ya Mtibwa Sugar.

Timu hiyo ilianzishwa mwaka 1988. Wakati ule aliyetaka kusikia habari za mpira alizitafuta Dar es Salaam, kwa maana Simba na Yanga ndizo zilizotwaa ubingwa wa nchi mara nyingi kuliko wengine wote. Mkoa wetu wa Morogoro ulikuwa umeupata mara moja tu, mwaka 1975, kwa timu ya Mseto. Basi watu wakastaajabu sana, timu ya shambani ilipotwaa ubingwa mwaka 1999, na tena mwaka 2000. Tangu mwaka huo wa 2000 miaka mingi imepita, wala timu ya kijijini haikuupata tena ubingwa ule. Simba na Yanga waliupokezana, ila mwaka 2014 ulikwenda kwa Azam.

Sasa nitaeleza jambo moja ambalo wapenda mpira hulizungumza sana. Ligi huchezwa kwa miezi mingi, na katikati yake, yapata kuanzia nusu ya Desemba hata nusu ya Januari, timu hupewa ruhusa ya kuandikisha wachezaji wapya. Wakati huo huitwa dirisha dogo. Timu iliyoanza vibaya hutumaini kupona hapo, na timu iliyoanza vizuri hutaka kujiongezea nguvu. Katika Injili tunasoma habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka hata saa ya kumi na moja kuajiri watu. Wale wa mwisho walipewa ujira sawa na wa kwanza, na hayo ni mambo ya neema. Lakini tukumbuke kwamba shamba lenyewe lilikuwa limekwisha kupandwa, na wengine walikuwa wamelilimia tangu alfajiri. Mtu wa saa ya kumi na moja husaidia kazi iliyoanzwa. Hawezi kuvuna pasipopandwa.

Ushahidi tunao. Mwaka 2017 timu ya Singida United ilipanda Ligi Kuu, ikaandikisha kwa haraka wachezaji wengi, hata kutoka Zimbabwe, Rwanda na Uganda. Ikapata nguvu upesi, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho. Tarehe 2 Juni 2018, katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid huko Arusha, ilikutana na Mtibwa, nayo Mtibwa ikashinda kwa mabao 3 kwa 2. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 2020, Singida United ilishuka daraja. Mwaka huo huo, mwezi wa Januari, Mtibwa iliifunga Simba bao 1 kwa 0 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi kule Unguja. Aliyeiongoza Mtibwa katika fainali zote mbili ni Zuberi Katwila, ambaye zamani alikuwa mchezaji wake, na wengi katika wachezaji wake walikuwa vijana waliokulia katika timu hiyo.

Walakini mti wenye matunda ndio utupiwao mawe. Mwaka 2016 Simba iliwachukua kwa pamoja Shiza Kichuya, Muzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim. Mwaka 2020 Kibwana Shomari alikwenda Yanga. Na katika dirisha dogo la Januari 2021 akamfuata Dickson Job, yule aliyekuwa nahodha wa vijana wa taifa wa chini ya miaka 17 kule Gabon mwaka 2017. Hatuwezi kuwalaumu vijana hao, maana kila mtu hutafuta riziki. Lakini dirisha ni moja, na upepo huingia na kutoka. Timu tajiri hulifungua ili ipokee; timu ya kijiji isipojihadhari hulifungua ikatoa, isipate cha kuziba pengo.

Matokeo yake tuliyaona. Mtibwa ilianza kukaa chini katika msimamo wa ligi, na katika msimu wa 2023/24 ikamaliza ya mwisho kati ya timu 16, ikashuka daraja baada ya kukaa Ligi Kuu zaidi ya miaka 20. Kwa watu wa Turiani hilo halikuwa jambo dogo. Siku wajapo wageni wakubwa, muuza chai hupata, mwenye pikipiki hupata, na mtoto wa shule humwona kwa macho yake mtu aliyemsikia redioni tu.

Lakini hawakukaa kulia. Katika msimu uliofuata walicheza daraja la chini, nguvu zikawarudia, wakatwaa ubingwa wa daraja hilo mwaka 2025 na kurudi Ligi Kuu.

Mimi sisemi kwamba kuandikisha mchezaji katikati ya msimu ni vibaya. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila lazima awepo mwenyeji wa kuponywa. Mkulima wa miwa anajua ya kuwa shina likatwapo huchipuka tena, mradi mizizi imetunzwa. Mizizi ikioza, hata miche ya kununua haitamfaa. Kwa timu ya kijiji mizizi ni vijana, na uwanja wao, na mwalimu mwenye saburi. Wakitunzwa hao, Manungu itavuna hata baada ya kukatwa mara nyingi.