Nuru: Lugha ya kompyuta inayoandikwa kwa Kiswahili

Nuru ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta inayotumia maneno ya Kiswahili. Ni ya bure, na yeyote anaweza kuisoma ilivyotengenezwa kupitia GitHub na kupendekeza mabadiliko.

Inavyoandikwa

Kutoa salamu kwenye skrini unaandika andika("Habari"). Sharti linaanza na "kama", vinginevyo ni "sivyo". Ukikosea, unaambiwa kosa kwa Kiswahili, na mstari lilipo.

Ubishi uko wapi?

Kutafsiri tu hakutoshi. JavaScript hutumia "let" kuanzisha kitu kipya. Ukitafsiri neno kwa neno unapata "acha", ambalo Mswahili anaweza kusikia kama katazo. Nuru inatumia "fanya".

Kiswahili sanifu huandika "si kweli" kwa maneno mawili. Nuru imeyaunganisha kuwa "sikweli" ili kompyuta isome neno moja. "Katika" nayo ni "ktk", kama kwenye meseji. Mzoefu atafurahia ufupi huo, lakini anayeanza anaweza kukwama.

Kubadilisha kuna gharama

Mwaka 2008, Python 3 ilianza kudai mabano kwenye amri ya "print". Programu nyingi za zamani zikagoma hadi zirekebishwe, na Python 2 iliendelea kuhudumiwa mpaka Januari 1, 2020. Mwaka 2018, baada ya ubishi mkali juu ya alama moja tu, :=, mwanzilishi wake Guido van Rossum aliachia uongozi.

Kwa lugha changa, ni nafuu kurekebisha neno sasa kuliko watumiaji wakishakuwa wengi.

Inamhusu nani?

Mtoto wa Mkongo, Rufiji, anayesoma shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Kwa Nuru anaweza kujifunza mantiki ya programu bila kusubiri Kiingereza chake kikae sawa. Hata kompyuta si lazima: inafanya kazi kwenye simu ya Android kupitia Termux.

Wanaopinga wana hoja pia. Vitabu na ajira nyingi viko kwenye Python na JavaScript, hivyo iko siku atahama. Ila mabano na mpangilio wa Nuru unafanana sana na wa JavaScript. Akihama, kikubwa atakachojifunza upya ni maneno.