Kuitambua Eropleni katika Picha ya Kale

Wasikilizaji wetu, tuseme mzee mmoja wa Tukuyu atuletea picha iliyofifia. Baba yake amesimama Mbeya kando ya eropleni, na nyuma pameandikwa: “Baba, mpagazi wa Vita, 1916.” Mzee twamheshimu, lakini yatupasa kuiuliza picha yenyewe.

Kwanza twahesabu mabawa, kisha injini, kisha twatazama mkia. Hii ina mabawa mawili, moja juu ya jingine, injini tatu, na sukani tatu mkiani. Basi ni de Havilland Hercules. Zilitengenezwa 11 tu, na ya kwanza iliruka mwaka 1926.

Mwaka 1932 kampuni ya Imperial Airways ilianza kupeleka barua, kisha abiria, kutoka London mpaka Cape Town, ikipitia Nairobi, Dodoma na Mbeya. Mwaka 1933 zikaja Atalanta, zenye injini nne na bawa moja tu, juu ya kiwiliwili. Nazo zilikuwa 8. Mwaka 1937 safari zile zikahamia pwani, kwa eropleni za kutua majini.

Kwa hiyo siku ile baba hakuwa mpagazi. Vita vilikuwa vimekwisha zamani, naye alikwenda kutazama ajabu. Huenda alibeba mizigo mwaka 1916, lakini picha hii si shahidi wa taabu ile.

Basi andikeni nyuma ya kila picha jina, mahali na mwaka, wangalipo wazee wa kuulizwa. Mali bila daftari huisha bila habari.