Nani Atayasemea Majengo ya Bonde Letu?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ina kifungu kinachotugusa sisi watu wa bonde la Kilombero kuliko tunavyodhani. Kwa mujibu wake, jengo lililosimamishwa kabla ya mwaka 1863 linahesabiwa kuwa la kale na linalindwa kwa umri wake tu. Jengo lililokuja baadaye halina ulinzi huo mpaka Waziri alitangaze katika Gazeti la Serikali. Kabla ya tangazo, mbele ya sheria hii ni jengo kama jengo jingine lolote.

Sasa, ndugu msomaji, tuhesabu majengo yetu. Wamisionari Wabenediktini walianzisha misheni ya Kwiro mwaka 1902. Wakapuchini kutoka Uswisi, waliochukua kazi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walifika nchini mwaka 1921. Maabara aliyoianzisha Profesa Rudolf Geigy mjini Ifakara, ambayo leo imekuwa Taasisi ya Afya Ifakara, ni ya mwaka 1957. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoufikia mwaka 1863. Nyumba za wazee wetu wa wakati huo zilikuwa za miti, udongo na nyasi, na baina ya mchwa na mafuriko ya mto hazikubaki. Kwa kipimo cha umri, basi, bonde letu halina jengo la kale hata moja.

Je, ni kweli kwamba hatuna historia iliyojengwa? Na kama sheria haiyasemei majengo yetu yenyewe kwa yenyewe, nani atayasemea? Katika makala hii napenda kuonyesha kwamba jibu limo mikononi mwa watu wawili tunaowafahamu: diwani katika baraza lake, na mwamini katika parokia yake.

Orodha pekee haitoshi

Mtu anaweza kufikiri kwamba dawa ni kupata tangazo la Serikali. Tangazo ni jambo jema, lakini wenzetu waliolipata wametufundisha kwamba kazi haiishii hapo.

Mwaka 1995 Serikali ilitangaza majengo kadhaa ya katikati ya Dar es Salaam kuwa yanahifadhiwa. Miaka iliyofuata thamani ya ardhi ya mjini ikapanda, baadhi ya majengo yakaondolewa katika orodha, na mengine yakabomolewa kupisha maghorofa. Karatasi iliyoyaweka ndani ndiyo hiyo hiyo iliyoyatoa. Lakini katika mji huo huo, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, limesimama pale pale mbele ya bandari. Limezungukwa na minara ya vioo, na bado watu wanasali humo kila siku. Jengo lenye watu wanaolihitaji ni gumu kulibomoa.

Bagamoyo inatupa somo la pili. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika pale mwaka 1868, wakajenga kijiji kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kanisa lao la kwanza ni la mwaka 1872, na katika mnara wake mwili wa David Livingstone ulilazwa usiku mmoja wa Februari 1874, kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na hatimaye London. Nyumba ya masista, iliyojengwa mwaka 1876, leo ni makumbusho. Eneo hilo limedumu kwa sababu misheni haikuondoka: palikuwa na mtu wa kupanda juu ya paa mvua ilipovuja. Katika mji huo huo, sehemu ya Boma la Wajerumani la mwaka 1897 iliporomoka kutokana na mvua za El Nino, ingawa lilikuwa limetumika miaka mingi kama ofisi ya wilaya.

Na Unguja, tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Noeli, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba hilo la Sultani Barghash lilijengwa mwaka 1883, limo ndani ya Mji Mkongwe unaotambuliwa na UNESCO tangu mwaka 2000, na lina mamlaka maalumu ya uhifadhi. Heshima zote hizo hazikuweza kushika ukuta. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale Forodhani gharama ilikuwa kubwa kuliko ukuta.

Kwa hiyo jengo huokolewa na mambo mawili yanayokwenda pamoja: uamuzi wa wenye mamlaka, na matunzo ya wenye jengo. Likikosekana moja, jingine huchoka.

Uamuzi hufanyika wapi?

Wengi wetu tunadhani mambo ya kale huamuliwa Dodoma tu. Si hivyo. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zinazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa ajili ya maeneo yao. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inazitambua halmashauri kuwa mamlaka za upangaji, na inatoa nafasi ya kulinda majengo yenye thamani ya usanifu au ya historia. Maana yake ni kwamba Halmashauri ya Mji wa Ifakara, au Halmashauri ya Wilaya ya Ulanga kule Mahenge, haihitaji jengo liwe la kabla ya mwaka 1863 ndipo iliseme neno jema.

Katika maisha ya kawaida, uamuzi wa kuhifadhi au kutohifadhi hauji kwa jina hilo. Huja kama ramani ya mipango miji inayopitisha barabara mahali fulani. Huja kama kibali cha ujenzi, kama kiwanja kilichobadilishwa matumizi, kama bajeti isiyo na fungu la ukarabati. Kila hatua inaonekana ndogo na ya kiofisi. Siku tingatinga linapofika, uamuzi wenyewe ulishafanyika zamani, na mara nyingi hakuna mwananchi aliyesimama kusema chochote.

Jambo hili si la kuahirisha. Daraja limevuka mto ambao wazazi wetu waliuvuka kwa mtumbwi na kivuko. Lami imetuunganisha na Kidatu. Viwanja vinapanda bei. Tunamshukuru Mungu kwa yote hayo, kwa maana mama mjamzito wa ng'ambo sasa hafii kando ya mto akisubiri pantoni. Lakini maendeleo ndiyo wakati ambao majengo ya zamani huondoka kwa wingi.

Tuhifadhi nini, na kwa nini?

Hapa imani ina neno la kusema. Waisraeli walipovuka Yordani, Yoshua aliagiza watu kumi na wawili wachukue mawe kumi na mawili kutoka katikati ya mto. Hayakuwa mawe ya thamani, wala hayakuchongwa. Kazi yake ilikuwa moja: mtoto atakapouliza maana yake, mzazi awe na habari ya kusimulia. Kipimo cha Yoshua hakikuwa umri wala uzuri. Kilikuwa ushuhuda.

Tukipima hivyo, bonde letu lina majengo mengi. Maabara ya mwaka 1957 ni nyumba ya kawaida machoni, lakini kazi iliyozaliwa hapo ilizaa utafiti wa vyandarua vyenye dawa uliofanyika Kilombero na Ulanga katika miaka ya 1990, na matunda yake yameokoa watoto mbali sana na Ifakara. Wodi za zamani za Hospitali ya Mtakatifu Fransisko zinashuhudia masista, madaktari na wahudumu ambao wengi wao hawakuandikwa popote. Vituo vya TAZARA vinashuhudia wakati ambapo nchi maskini ziliamua kusaidiana. Kigango cha matofali ya kuchoma kilichojengwa na wakulima wa mpunga, kila kaya ikileta tofali zake, kinashuhudia kwamba Kanisa hili halikuletwa lote kwa meli.

Ushuhuda mwingine ni mchungu. Tarehe 30 Agosti 1905, wakati wa Vita vya Majimaji, wapiganaji Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Wajerumani la Mahenge, na mamia wakaangushwa kwa bunduki za rashasha. Je, mahali pa namna hiyo pahifadhiwe, au tupasahau? Wakristo wa Unguja walikwisha kujibu swali kama hilo. Soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa mwaka 1873, hawakupaacha pafutike. Noeli ya mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa juu ya uwanja ule ule, na Askofu Edward Steere akasimamia ujenzi wake. Anayeingia humo leo anaikuta altare na habari ya minyororo mahali pamoja. Kuhifadhi hakumaanishi kusifu. Familia inayotunza kaburi la aliyeuawa haimsifu muuaji. Inakataa tu kumwacha ndugu yao afe mara ya pili kwa kusahauliwa.

Kanisa ni watu, si matofali

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni la haki. Bwana wetu mwenyewe alitabiri juu ya hekalu kwamba halitabaki jiwe juu ya jiwe. Kanisa la zamani linabeba watu mia mbili na Jumapili wanakuja mia sita. Wengine wanasimama juani. Zahanati ina nyufa. Fedha ni kidogo. Je, tutunze ukuta wa marehemu huku walio hai wakilowa?

Tusijibu kwa haraka. Jengo linalohatarisha watu lazima lishughulikiwe, na ajali ya Unguja inatosha kutufundisha. Wala si kila cha zamani kina ushuhuda. Lakini mara nyingi kati ya kubomoa na kuacha lioze kuna njia ya tatu ambayo hatuitafuti: kanisa la zamani likawa ukumbi wa katekesi, au maktaba, au chumba cha nyaraka, na kanisa jipya likajengwa kando yake. Kitabu cha Ezra kinasimulia kwamba msingi wa hekalu jipya ulipowekwa, vijana walipiga kelele za furaha na wazee walioliona hekalu la kwanza walilia, hata sauti zikachanganyika zisitambulike. Maandiko hayawakemei wazee wala vijana. Parokia yenye hekima huwasikiliza wote wawili kabla ya kumwita fundi.

Tukumbuke pia Mfalme Yosia. Aliagiza tu hekalu lifanyiwe ukarabati, na katika kazi hiyo kikaonekana Kitabu cha Torati kilichokuwa kimesahaulika. Laiti wangebomoa na kusomba kifusi, huenda kisingeonekana. Katika nyumba zetu za zamani za misheni mna vitabu vya ubatizo na vya ndoa ambavyo kwa familia nyingi za bonde hili ndiyo maandishi ya kwanza yenye jina la babu au bibi yao. Paa likivuja, hayo ndiyo yanayolowa kwanza.

Tufanye nini?

Kwanza, tuandike. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila parokia na kila usharika unaweza kuwapa vijana wake kazi ya kuorodhesha majengo ya eneo lao: lilijengwa lini, na nani, kwa vifaa gani, na limetumikaje. Wapige picha, na wawahoji wazee wakingali nasi.

Pili, twende vikaoni. Mkutano wa mtaa ni wetu. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi kusikiliza, na sheria ndogo inapotungwa wananchi wana nafasi ya kutoa maoni. Diwani anayeletewa orodha iliyosainiwa na Wakatoliki, Walutheri na Waislamu wa kata yake ana kitu cha kusimamia. Asiyeletewa chochote atapitisha kilichopo mezani.

Tatu, tuanze kwetu. Hatuwezi kuidai halmashauri ihifadhi kile ambacho sisi wenyewe tumekiacha kiote nyasi. Halmashauri ya walei ikitenga fungu dogo kila mwaka kwa ajili ya mabati, mifereji ya maji na dawa ya mchwa, itakuwa imefanya zaidi ya matangazo mengi.

Mwaka 1863 ulichaguliwa na watunga sheria, nasi hatuwezi kuusogeza. Lakini ibada inayoendelea, paa lisilovuja na jina lililoandikwa vizuri havihitaji kibali cha Waziri. Hayo tumeachiwa sisi, na watoto watatuuliza.