Baridi imeingia: usizibe banda la kuku mpaka juu

Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya Njombe, Mufindi na Mbeya siyo ya mchezo, na kule Makete kuna asubuhi umande unaganda kabisa kwenye majani. Wafugaji wengi kitu cha kwanza wanachofanya ni kushusha maturubai na viroba pande zote za banda, kutoka kwenye paa mpaka chini, halafu wanafunga usiku kucha. Wiki mbili hazijaisha kuku wanakoroma, macho yanatoa machozi, trei za mayai zimepungua, na mtu yuko duka la mifugo anaulizia antibayotiki. Mara nyingi tatizo limeanzia kwenye turubai.

Kuku mkubwa mwenye manyoya kamili anastahimili baridi kuliko tunavyodhani. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, na manyoya ndiyo koti lake. Atakula zaidi kidogo ili apate joto, basi. Asichoweza kustahimili ni hewa nzito, yenye unyevu na harufu kali ya kinyesi.

Piga hesabu. Kuku mmoja wa mayai anakunywa karibu robo lita ya maji kwa siku. Kuku 100 ni lita 20 hadi 25, yaani ndoo kubwa nzima. Ukitoa yale yanayoingia kwenye mayai, maji mengi yanarudi bandani kwa njia ya kinyesi na pumzi. Sasa umeziba kila mahali, yatokee wapi? Mvuke unapanda, unakutana na bati la baridi, unageuka matone na kudondokea kwenye maranda. Maranda yakilowa, bakteria wanaanza kuozesha kinyesi na amonia inatoka. Gesi hiyo inaunguza njia ya hewa ya kuku, na kuanzia hapo mafua yanapata pa kuingilia.

Amonia haitakiwi kuzidi sehemu 25 katika milioni moja ya hewa. Huna kipimo? Tumia pua, ila pima asubuhi ile ile unapofungua mlango, na uchuchumae mpaka usawa wa kuku. Ukishakaa humo dakika kumi pua inazoea, utajidanganya. Macho yakiwasha, ujue kuku wamekuwa kwenye hali hiyo usiku mzima.

Cha kuelewa ni kwamba upepo na hewa ni vitu viwili. Upepo unaompiga kuku mwilini akiwa amelala ni mbaya. Hewa inayopita juu ya kichwa chake ni lazima. Kwa hiyo turubai lifungwe kwa chini, lipandishwe juu kwa kamba, na ubaki mwanya wa sentimita 15 hadi 30 chini ya paa, pande zote mbili ndefu. Turubai lililopigiliwa misumari juu na kuachwa lining'inie linafanya kinyume chake: juu limeziba, chini upepo unapenya. Kama kuku wanalala kwenye vichanja, angalia mwanya uwe juu ya vichwa vyao. Upande unaopigwa sana na upepo punguza mwanya, lakini usiuzibe.

Jua likitoka, kama saa nne hivi, shusha turubai na uache banda lipumue mpaka saa kumi jioni.

Maranda nayo yapime kwa mkono. Kamata konzi moja, minya, achia. Yakibaki donge, yamelowa. Toa yaliyolowa, hasa kuzunguka vyombo vya maji, weka makavu. Kuna wanaomwaga chokaa juu ya maranda mabichi kuku wakiwa ndani. Hiyo inazidisha amonia kutoka.

Vifaranga ni habari nyingine. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Hapo unaziba zaidi, lakini kama unatumia jiko la mkaa ule mwanya wa juu ndio muhimu kuliko wakati wowote. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua vifaranga na mtu pia. Kuuwasha nje mpaka uwe mwekundu kunapunguza moshi tu, gesi bado ipo. Usilale humo, hata kama unaogopa jiko litazimika.

Usiku pita uwaangalie wamelalaje. Wakilundikana chini ya moto, wana baridi, na wa chini watakosa hewa wafe. Wakiukimbia moto huku wanahema, joto limezidi. Wakijibana wote upande mmoja, kuna upepo unaingia upande wa pili: tafuta tundu lenyewe, ziba hilo.