Urekebishaji wa kingo zenye giza katika picha

Urekebishaji wa kingo zenye giza ni kusawazisha, kwa programu ya kuhariri, mwangaza wa picha iliyofifia pembeni kuliko katikati. Kasoro hii huonekana wazi kwenye anga, ukuta mweupe au ukurasa wa kitabu.

Chanzo

Giza hilo husababishwa na mambo matatu makuu. Kwanza, mwanga unaoingia kwa mshazari huzuiwa kwa kiasi na mwili wa lenzi, hasa tundu lake likiwa wazi kabisa. Kulibana hupunguza tatizo. Pili, mwanga wenyewe hudhoofika kadiri unavyozidi kuinama: katika lenzi sahili, kwenye digrii 30 hubaki takriban asilimia 56 ya mwangaza wa katikati, na kwenye digrii 45 asilimia 25 tu. Kubana tundu hakuondoi upungufu huu. Tatu, kichujio kinene au kofia ya lenzi isiyolingana huziba pembe za picha.

Njia

Programu kama Lightroom na darktable hutambua lenzi kutokana na taarifa zilizomo kwenye faili, kisha hutumia vipimo vyake vilivyohifadhiwa kuongeza mwangaza kuelekea pembeni. Vipimo visipokuwepo, mhariri huongeza mwangaza mwenyewe huku akitazama sehemu isiyo na maumbo, kama anga. Njia sahihi zaidi, inayotumika sana katika astronomia na kazi za hadubini, ni kupiga picha ya eneo jeupe lenye mwanga sawa kwa lenzi na tundu lilelile, kisha kugawanya thamani za picha iliyokusudiwa kwa thamani za picha hiyo nyeupe.

Kazi hii hufanywa kwenye faili ghafi kabla ya kubadili kontrasti, kwa kuwa hapo thamani za piseli bado zinalingana na kiasi cha mwanga. Picha za panorama hurekebishwa kabla ya kuunganishwa. Vinginevyo mistari ya giza hujitokeza kwenye maungio.

Mipaka

Kuongeza mwangaza mara mbili hukuza pia chembechembe za kelele ya picha mara mbili. Pembe iliyozibwa kabisa haina taarifa ya kufufuliwa, hivyo hukatwa. Kwa picha za kumbukumbu, faili asili ihifadhiwe bila kuguswa, kwani huenda mpigapicha alitia giza hilo kwa makusudi ili kuvuta macho kwenye uso wa mhusika.