Uganda: Kulala jirani na vifaru wa Ziwa kwa gharama nafuu

Katika barabara kuu itokayo Kampala kuelekea Gulu, yapata kilomita 170 kaskazini mwa mji mkuu wa Uganda, kipo kituo kidogo cha biashara kiitwacho Nakitoma, wilayani Nakasongola. Mabasi ya Gulu na Arua hukipita kwa kasi, na abiria wengi hawana sababu ya kukikumbuka. Hata hivyo, kutoka hapo kuna njia ya vumbi ya kilomita chache inayofika kwenye lango la Hifadhi ya Vifaru ya Ziwa, mahali ambapo taifa hilo lilianza upya kuzalisha vifaru baada ya kuwapoteza wote.

Watalii wengi huingia asubuhi, hutembezwa kwa saa mbili hivi, kisha huendelea na safari ya kwenda Maporomoko ya Murchison. Wachache hulala. Hao wachache, wakiwemo wale wenye mfuko mwepesi, ndio wanaoipata Ziwa yenyewe.

Vyumba, mahema na giza la usiku

Karibu na ofisi kuu ya hifadhi kuna nyumba ya wageni yenye vyumba vya kawaida: kitanda, chandarua, na katika vyumba vya bei ya chini zaidi, choo na bafu vya pamoja. Upo pia uwanja wa kupiga mahema, ambao ndio nafuu kuliko vyote, na mkahawa unaowahudumia wageni na waongozaji wao. Mwenye uwezo zaidi ataikuta loji ya hadhi ya juu ndani ya eneo hilohilo. Kifaru, hata hivyo, hachagui mgeni. Aliye hemani na aliye lojini husikia usiku mmoja, na asubuhi huongozwa na askari walewale.

Wapo wanaopendelea gesti za Migyera, mji wa madereva wa malori ulio kando ya barabara kuu, kwa kuwa bei zake ni za chini zaidi. Akiba hiyo ina hasara yake. Kifaru mweupe hula majani zaidi nyakati za baridi, yaani alfajiri, jioni na usiku. Jua likipanda hujilaza kivulini au kugaagaa matopeni, na mgeni anayefika saa sita mchana huenda akaishia kutazama mgongo wa kijivu uliolala chini ya mti. Aliyelala ndani ya uzio huondoka kitandani na kuanza safari ya miguu kabla umande haujakauka.

Usiku una sharti lake. Wanyama hawazuiwi kukaribia majengo, na pongo au hata kifaru huweza kuja kula nyasi karibu na vyumba. Kwa hiyo mgeni hatoki kutembea gizani peke yake, wala haachi chakula nje ya hema. Tochi si anasa, na vivyo hivyo dawa ya mbu na kinga ya malaria.

Kumfuata kifaru kwa miguu

Katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru nchini Kenya, vifaru hutazamwa kutoka ndani ya gari. Ziwa ya Uganda ni tofauti: mgeni hushuka na kutembea, akiwa katika kundi dogo linaloongozwa na askari wa wanyamapori. Askari wenzake hukaa karibu na wanyama mchana na usiku, na kwa njia hiyo hujulikana kila kundi liko wapi.

Kifaru mweupe (ambaye hana weupe wowote, bali ana mdomo mpana wa kulia nyasi) huweza kuzidi uzito wa kilo 2,000. Macho yake ni dhaifu, lakini pua na masikio yake ni makali. Ndiyo maana mwongozaji huupima upepo kwanza, huwataka wageni wanong'one, na huwaonyesha mti wa kujificha nyuma yake iwapo mnyama atakurupuka. Viatu vya kufunika mguu na suruali ndefu vinahitajika, kwa kuwa nyasi ni ndefu na ardhi haikosi miiba. Anayevaa mavazi ya rangi kali hujisumbua bure.

Walikotoka wanyama hawa

Uganda huru ilikuwa na mamia ya vifaru, weusi na weupe. Miaka ya vita na silaha nyingi mikononi mwa watu, pamoja na biashara ya pembe, iliwamaliza. Kifaru wa mwisho wa porini alionekana mwaka 1983. Pembe hiyo iliyosababisha maangamizi haina ajabu yoyote: imeumbwa kwa kitu kilekile kilichomo katika kucha za binadamu.

Mwaka 2005, katika ardhi ya ranchi ya ng'ombe ya Ziwa yenye ukubwa wa kilomita za mraba 70 hivi, shirika la Rhino Fund Uganda lilileta vifaru wanne kutoka ranchi ya Solio nchini Kenya. Mwaka uliofuata waliongezwa wawili kutoka bustani ya wanyama ya Disney huko Florida, Marekani. Ndama wa kwanza alizaliwa mwezi Juni 2009. Kwa kuwa baba yake alitoka Kenya na mama yake Marekani, akaitwa Obama.

Mimba ya kifaru huchukua takribani miezi 16, na jike huzaa ndama mmoja. Idadi hupanda polepole mno. Kufikia mwaka 2021 vifaru wa Ziwa walikuwa wamevuka 30, wote wakitokana na wale sita. Ikumbukwe kuwa hawa ni vifaru weupe wa kusini. Wale weupe wa kaskazini, waliokuwa wenyeji halisi wa Uganda, wamebaki majike wawili tu duniani, Najin na Fatu, wanaotunzwa Ol Pejeta nchini Kenya. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa mwezi Machi 2018.

Udhaifu wa Ziwa ulidhihirika Aprili 2021. Mgogoro kati ya shirika lililowatunza vifaru na mwenye ardhi ulisababisha hifadhi kufungwa, tena wakati ambapo janga la korona lilikuwa limekwisha kuwaondoa watalii. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda iliingilia kati, ikachukua usimamizi, na milango ikafunguliwa tena. Ulinzi wa saa 24 hulipwa kila mwezi, watalii wawepo au wasiwepo. Kwa hesabu hiyo, anayelala usiku mmoja hemani na kununua chakula chake pale huacha zaidi ya yule aliyepita kwa saa mbili.

Kwa msafiri wa nchi jirani

Raia wa Kenya na Rwanda huweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Wengine wajiandae na pasipoti. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisisahaulike. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa kiingilio kwa shilingi za Uganda, kwa kiwango kilicho chini sana ya kile cha wageni wa mbali, ila ni lazima aonyeshe kitambulisho chake langoni.

Kutoka Kampala, basi la Gulu humfikisha abiria Nakitoma kwa muda wa saa tatu hivi, msongamano wa jijini ukiruhusu. Ni vyema kumweleza kondakta mapema, kwani basi halisimami hapo bila kuambiwa. Bodaboda humaliza kipande kilichobaki. Nauli yake ipatanwe kabla ya kupanda, na ilipwe kwa noti ndogondogo.

Anayebaki hadi siku ya pili huweza kuamka mapema zaidi na kwenda kwenye kinamasi cha Lugogo. Huko, kwa mtumbwi kati ya mafunjo, hutafutwa korongo-nyangumi, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mfano wa kiatu, anayeweza kusimama bila kutikisika kwa muda mrefu akimvizia samaki. Safari hiyo hulipiwa peke yake, na huagizwa ofisini jioni ya siku iliyotangulia.