D dhidi ya NSPCC

D dhidi ya NSPCC ni kesi ya Uingereza iliyoamuliwa mwaka 1977, ambayo iliyapa ulinzi wa kisheria majina ya watu wanaotoa taarifa za ukatili kwa shirika la hisani. NSPCC, shirika la kuzuia ukatili dhidi ya watoto lililoanzishwa London mwaka 1884, lilipokea taarifa Desemba 1973 kwamba mtoto wa miezi 14 alikuwa akiteswa. Mkaguzi wake alifika nyumbani na kukuta tuhuma hizo hazina ukweli. Mama wa mtoto, anayetajwa mahakamani kwa herufi D tu, alipata mshtuko mkubwa. Alifungua madai na kutaka aoneshwe nyaraka zinazomtambulisha mtoa taarifa.

Uchungu wa mama huyo ulikuwa wa kweli, na Mahakama ya Rufani ilimkubalia kwa wingi wa kura, Lodi Denning akipinga. Nyumba ya Malodi, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa, ilitengua uamuzi huo. Lodi Diplock alilinganisha watoa taarifa hao na wale wa polisi: majina yao yakifichuliwa, taarifa zitakauka. Ahadi ya usiri ambayo shirika lilimpa mtoa taarifa haikutosha peke yake. Kilichokuwa na uzito ni masilahi ya umma, kwani sheria iliiruhusu NSPCC kuwapeleka mahakamani watoto wanaohitaji ulinzi. Jirani anayesikia kilio cha mtoto ukutani hasemi kitu akihofia kulipiziwa kisasi, na mtoto mchanga hawezi kujisemea.